Vyombo Vidogo Vipewe Safari Yao

Kwa wakuu wa mashirika ya anga, na kwa mawaziri na wabunge wanaopitisha bajeti za mashirika hayo

YAH: VYOMBO VIDOGO VYA KUCHUNGUZA ASTEROIDI

Waheshimiwa,

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikesha na darubini ndogo, nikipima mwanga wa asteroidi. Sina cheo katika shirika lolote la anga na hakuna anayenilipa. Kazi yenyewe ni ya subira. Unalenga darubini, unapiga picha baada ya picha hadi alfajiri, kisha unalinganisha mwanga wa nukta moja na nyota zilizo karibu nayo. Ukimaliza unapata mstari unaopanda na kushuka, na mstari huo unakuambia lile jiwe linajizungusha kwa muda gani. Mara chache sana mstari unabonyea kidogo, kwa vipindi vinavyojirudia, na hapo moyo unaruka: jiwe si moja, lina mwezi wake, na umeushika ukipita mbele yake.

Lakini hata usiku ulio bora kuliko yote, nilichobaki nacho ni nukta. Sijui kama ni mwamba mzima au ni rundo la kokoto. Sijui kama ukiligusa jiwe hilo litakuwa gumu au litadidimia. Maswali ya namna hiyo hujibiwa na chombo kilichokwenda kikapita karibu. Ndiyo maana habari ya Janus iliniuma, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Janus ilikuwa safari ya vyombo viwili pacha, kila kimoja na uzito wa kilo 36 hivi, ukubwa wa sanduku la msafiri. Ilikuwa chini ya mpango wa NASA uitwao SIMPLEx, na ukomo wake wa gharama uliwekwa kuwa dola milioni 55. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kiliongoza, na Lockheed Martin wakaunda vyombo. Kila pacha alipewa asteroidi yake, 1991 VH na 1996 FG3, na zote mbili ni za aina ile inayoturusha moyo sisi wapima mwanga: asteroidi yenye mwezi. Vyombo vingepita kando yake na kamera mbili kila kimoja, moja ya mwanga wa kawaida na nyingine ya joto, basi. Hakuna kutua wala kuchota udongo. Swali lilikuwa moja: jiwe moja linageukaje kuwa mawili?

Vyombo hivyo havikuwa na roketi yao. Vilipewa lifti kwenye roketi ya Psyche, chombo kikubwa kinachoelekea asteroidi ya jina hilo hilo, ambacho kilipangiwa kuondoka mwaka 2022. Psyche ikachelewa, kwa sababu programu za kukiongoza na mitambo ya kuzijaribia hazikuwa tayari kwa wakati. Ilipoondoka hatimaye, 13 Oktoba 2023, Dunia na zile asteroidi mbili zilikuwa zimeshasogea kwenye njia zake, na mahali ambapo roketi ingewashushia abiria wake hapakuwa tena na njia ya kufika 1991 VH wala 1996 FG3 kwa mafuta waliyonayo. Julai 2023 NASA iliagiza vyombo viandaliwe kuwekwa ghalani kwa muda mrefu.

Naomba mtulie kidogo hapo. Hakuna kilichoungua wala kupasuka katika vyombo vile. Watu waliovijenga walimaliza kazi yao ndani ya fedha walizopewa. Kilichowapeleka ghalani ni kosa lililotokea kwenye chombo cha mwenzao, ambacho wao hawakuwa na sauti juu yake hata kidogo. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sijaona mfano ulio wazi kuliko huu.

Neno langu kwenu, basi, ni hili: chombo kidogo kikishajengwa na kulipiwa, kipewe safari inayokitosha chenyewe. Kisifungwe kwenye ratiba ya mkubwa kiasi kwamba mkubwa akikohoa, mdogo anazikwa.

Wala si ndoto. Mnao mfano ndani ya mpango huo huo wa SIMPLEx. ESCAPADE, vyombo viwili vya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, navyo vilipangiwa kusafiri na Psyche kwenda Mirihi. Mwaka 2020 viliondolewa, kwa kuwa njia mpya ya Psyche haikuvifaa. Waliovisimamia hawakukubali viishie hapo. Vilisanifiwa upya, vikatafutiwa roketi nyingine, na 13 Novemba 2025 vikaondoka juu ya New Glenn. Tena viliondoka wakati ambao Mirihi haikuwa mahali pazuri. Badala ya kungoja chini, vilipangiwa kwenda kuzunguka karibu na L2, ile sehemu iliyo kilomita milioni moja na nusu kutoka kwetu upande usio wa Jua, vingoje huko hadi njia ya Mirihi ifunguke, kisha virudi kupita kando ya Dunia na kuchapuka.

Tofauti ya Janus na ESCAPADE ni hiyo tu. Kimoja kilipata mtu mwenye mamlaka aliyesema tutafute njia nyingine. Na mtu huyo hutoka miongoni mwenu.

Sasa niwaeleze kwa nini kupita kando ya jiwe kwa dakika chache kuna thamani, kwa sababu nimesikia watu wenye busara wakiuliza: kama hamtui na hamchoti kitu, mnakwenda kutazama nini?

Mnamo 27 Juni 1997 chombo cha NEAR, kikiwa njiani kuelekea asteroidi Eros, kilipita kando ya asteroidi Mathilde. Kwa kupima jinsi mvuto wa Mathilde ulivyokivuta chombo kidogo tu kutoka kwenye njia yake, wataalamu walipata kwamba kila sentimita moja ya ujazo ya asteroidi ile ina gramu 1.3 hivi, karibu nusu ya walivyotarajia. Mlima wa kilomita zaidi ya 50, na ndani yake nafasi tupu kila mahali! Hakuna darubini iliyokuwa imetuambia hivyo. Ilikuwa ziara ya kupita njia, haikuwa hata lengo la safari, nayo ikageuza tulivyodhani asteroidi zimejengwaje.

Halafu Dinkinesh. Novemba 1, 2023, chombo Lucy kilipita karibu na kijiwe hicho cha upana wa mita 700 na ushei, hasa kwa ajili ya kujaribu jinsi kamera zake zinavyofuata shabaha. Picha zilipofika zilionyesha mwezi ambao darubini za duniani hazikuwa zimeuona. Picha zilizofuata zikaonyesha kwamba mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana, kama ngumi mbili zilizokutana. Ulipewa jina Selam. Nilizitazama picha zile usiku kucha. Mtu kama mimi angeweza kupima nukta ile kwa miaka ishirini asiote kwamba kuna kitu kama hicho.

Asteroidi Bennu nayo inafundisha kwa namna nyingine. Kabla ya chombo cha NASA, OSIRIS-REx, kufika, vipimo vya joto kutoka mbali viliwafanya wataalamu watarajie sehemu pana zenye mchanga laini. Wakakuta mawe makubwa kila upande, na mahali pa kuchotea udongo, palipopangwa pawe na upana wa mita 50, pakabidi pawe panapozidi kidogo 16. Kisha 20 Oktoba 2020 mkono wa chombo ulipogusa, ardhi haikushikilia. Uliingia nusu mita hivi, kama mtu aliyekanyaga rundo la makapi akidhani ni sakafu. Zile gramu 121.6 zilizoletwa duniani 24 Septemba 2023 zimetupa asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe kujenga protini, na besi zote tano za DNA na RNA. Mradi ule umegharimu zaidi ya dola bilioni moja, na kwangu mimi ulistahili kila senti. Siandiki barua hii kuwapinga wakubwa.

Ninachosema ni kwamba mkubwa huja mara moja katika muongo. Asteroidi zinazopita jirani na njia ya Dunia zilizokwisha kuorodheshwa ni zaidi ya 30,000. Zilizotembelewa na chombo hazifiki kumi: Eros, Itokawa, Toutatis, Ryugu, Bennu, Didymos na mwezi wake Dimorphos. Kila moja ilitushangaza kwa jambo ambalo ile ya kabla yake haikuwa imetuandaa nalo. Kwa mwendo huu, wajukuu wetu watakuwa bado wanabahatisha.

Najua jibu mlilonalo mkononi: vyombo vya bei nafuu hufa. Ni kweli, na sitaki kulifunika.

Clementine ya Marekani iliondoka Januari 1994, ikapima Mwezi wote kwa kamera zake, na ilikuwa iende kwenye asteroidi Geographos mwezi Agosti. Tarehe 7 Mei kosa la programu lilifungulia injini ndogo za kuelekeza chombo hadi mafuta yakaisha, na Clementine ikabaki inajizungusha kama pia. Geographos haijapata mgeni mpaka leo. PROCYON ya Japani, kilo 65 tu, iliyojengwa kwa muda wa miezi 14 hivi, iliondoka pamoja na chombo kikubwa Hayabusa2 Desemba 2014 ikielekea asteroidi yenye mwezi iitwayo 2000 DP107. Injini yake ya ioni, ile inayosukuma kwa kurusha chembe zenye chaji ya umeme, ilikwama baada ya miezi michache. NEA Scout, iliyobeba tanga la kusukumwa na mwanga wa Jua lenye ukubwa wa mita 86 za mraba, ilitupwa angani na roketi ya NASA ya kwenda Mwezini, Artemis I, Novemba 2022 na haikusikika kamwe. Odin ya kampuni ya AstroForge ilipotea Februari 2025 muda mfupi baada ya kuondoka. Nimeviorodhesha kwa makusudi, ili msidhani nawaandikia kama mshabiki.

Lakini tazameni vilikufaje, maana vifo havifanani. Vile vijisanduku kumi vya Artemis I, NEA Scout kikiwemo, vilipakiwa ndani ya roketi, roketi ikacheleweshwa mara kwa mara, na baadhi yake betri hazikuweza kuchajiwa tena kwa sababu ya pale vilipofungwa. Ni Janus ile ile kwa sura nyingine: mdogo anadhoofika akimngoja mkubwa. PROCYON, injini ikiwa imekufa, iliendelea kufanya kazi na ikapima gesi ya haidrojeni iliyozunguka kometi 67P wakati chombo kikubwa cha Rosetta kilikuwa ndani ya wingu hilo hilo, karibu mno kuliona zima. Waliojenga chombo kile hawakusema tumeshindwa, tufunge milango. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na ipo aina ya unafuu ambayo mimi mwenyewe naipinga. Miaka ya tisini, Daniel Goldin akiiongoza NASA, ilikuwa amri kwamba kila kitu kiwe cha haraka zaidi, bora zaidi na cha gharama ndogo zaidi. Mazuri yalitoka humo. NEAR yenyewe, kwa dola milioni 220 hivi, ni mtoto wa zama zile. Lakini mwaka 1999 vyombo viwili vya Mirihi vikapotea, kimoja kwa sababu timu moja ilitumia paundi na nyingine ikasoma nyutoni. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na Thomas Young likasema mwaka 2000 kwamba mradi ule ulinyimwa angalau asilimia 30 ya fedha ulizohitaji. Somo la hapo si kwamba vidogo havifai. Waliokata fedha walikata watu waliopaswa kuhakiki mahesabu, na kukata watu huonekana kama akiba mpaka siku ya kufika.

Unafuu wa kweli hutokana na kupunguza maswali. Chombo chenye swali moja kinahitaji kamera moja au mbili, antena, mafuta ya kutosha, na basi. Kinachoongeza gharama ni kila kamati kudai kifaa chake kipandishwe. Huku mkipunguza maswali, msiwapunguze waliokaa chini wakikiangalia chombo, kwa sababu karibu kila safari ya asteroidi iliyofanikiwa iliokolewa na watu hao katikati ya njia.

Nitawakumbusha. Desemba 1998 NEAR ilitakiwa kuwasha injini yake kubwa ili ishikwe na mvuto wa Eros. Injini ikajizima, chombo kikapotea kwa zaidi ya siku nzima, na kilipopatikana kilikuwa kinaipita Eros kwa kasi. Waliokiendesha wakakokotoa njia mpya, wakangoja mwaka mmoja na zaidi, na 14 Februari 2000 wakakiingiza kwenye mzingo. Mwaka uliofuata wakakitua juu ya Eros, chombo kisichokuwa na mguu hata mmoja wa kutulia, na kikaendelea kutuma vipimo kwa muda wa wiki mbili.

Deep Space 1, chombo cha kujaribia injini ya ioni, kilipoteza kifaa cha kutambua nyota Novemba 1999. Bila kifaa hicho hakijui kimeelekea wapi. Timu ndogo iliandika programu mpya ikatumia kamera ya sayansi badala yake, ikaituma kwa redio, na Septemba 2001 chombo kikaipita kometi Borrelly na kupiga picha zilizokuwa bora kuliko zote za kiini cha kometi hadi wakati huo.

Hayabusa ya Japani naipenda kuliko zote. Ilifika Itokawa Septemba 2005, jiwe la urefu wa mita 535 hivi. Magurudumu mawili kati ya matatu ya kuituliza yaliharibika. Risasi iliyotakiwa kurusha vumbi haikufyatuka. Mafuta yalivuja, chombo kikapoteza mawasiliano kwa zaidi ya wiki sita. Injini zake za ioni ziliposhindwa moja baada ya moja, wahandisi waliunganisha nusu nzima ya injini moja na nusu nzima ya nyingine kupitia waya mdogo waliokuwa wameuweka kwa tahadhari. Ilirudi 13 Juni 2010, imechelewa miaka mitatu, ikaungua angani juu ya Australia huku kapsuli yake ikishuka salama Woomera. Ndani mlikuwa na chembe kama 1,500, nyingi zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo zilimaliza ubishi wa miongo: zilithibitisha kwamba vimondo vya mawe vya kawaida, vile vinavyoanguka duniani mara nyingi kuliko vingine, hutoka kwenye asteroidi za aina ya Itokawa.

Mngekata mishahara ya watu wale mwaka 2006, chembe zile zisingefika.

Naja kwenye jambo linalonikosesha usingizi hata usiku wa mawingu. Tarehe 27 Desemba 2024 darubini iliyoko Chile iligundua asteroidi ikaitwa 2024 YR4. Ndani ya wiki chache uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1, tarehe 18 Februari 2025, kisha siku chache baadaye ukashuka hadi kuwa si kitu. Wakati ule ukipanda, ukubwa wake ulikadiriwa kuwa kati ya mita 40 na 90. Nyinyi mnaelewa maana ya pengo hilo kuliko mimi. Kimondo cha Chelyabinsk cha 15 Februari 2013 kilikuwa na upana wa mita 20 hivi, na watu kama 1,500 waliumia, wengi kwa vioo vilivyopasuka. Kati ya mita 40 na 90 kuna tofauti ya kuhamisha mtaa na kuhamisha mkoa.

Laiti asilimia zile zisingeshuka, jambo la kwanza ambalo kila mmoja wenu angelitaka ni chombo kidogo, cha haraka, kiende kikatazame. Kipo wapi? Mwaka 2022 Akademia za Kitaifa za Marekani, katika ripoti yao ya miaka kumi ya sayansi ya sayari, zilipendekeza hasa hilo: safari ya majaribio ya kuwahi na kupita kando ya asteroidi ya mita 50 hadi 100. Chombo cha NASA kiitwacho DART kilikuwa kimeundwa kuonyesha kwamba jiwe linaweza kusukumwa, na 26 Septemba mwaka ule ule kikafanya hivyo, kikafupisha mzunguko wa Dimorphos kutoka saa 11 na dakika 55 hadi saa 11 na dakika 23. Sisi wenye darubini tulizipima dakika hizo 32 kwa nukta zetu, na sitasahau furaha ile. Lakini wingu la vumbi lililotoka pale, aliyelipiga picha kutoka karibu ni LICIACube, kijichombo cha Shirika la Anga la Italia chenye uzito wa kilo 14. DART iligharimu zaidi ya dola milioni 300, na shahidi wake wa karibu ni kijisanduku ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba.

ESA, shirika la anga la Ulaya, inajenga Comet Interceptor, chombo kitakachokwenda L2 kungoja hadi kometi mpya itokee, ndipo kikimbilie. ESCAPADE nayo imetumwa kungoja huko huko. Kwa hiyo ufundi wa kungoja angani upo. Naomba wawepo pacha wawili wa ukubwa wa Janus wanaongoja pale L2 kila wakati, kwa ajili ya asteroidi tusiyoijua bado. Wakikaa miaka mitatu bila wito, watumwe kwenye asteroidi yoyote iliyo njiani, na wengine wachukue zamu. Hata hapo hakuna kitakachopotea.

Kwa wale wanaosema kilo chache haziwezi kuongea kutoka mbali: MarCO, vijichombo viwili vilivyoandamana na chombo InSight, vilitusomea habari za kutua Mirihi papo hapo, 26 Novemba 2018, kwa mradi wa dola milioni 18.5. Tatizo la sauti lipo, lakini liko huku chini. Redio ndogo inahitaji sikio kubwa, na masikio makubwa, yaani antena za NASA za Goldstone, Madrid na Canberra, yanagombaniwa na kila mtu. Mdogo huwa wa mwisho kwenye foleni. Kuongeza antena chache za mita 34 si habari ya kupigiwa makofi, najua, hakuna anayekatia utepe sahani ya redio kwa shangwe kama roketi. Lakini bila saa za antena zilizotengwa kwa jina la chombo kidogo, chombo hicho hata kikiwa kizima ni bubu.

Na sasa Apophis. Ijumaa ya 13 Aprili 2029 jiwe la mita 340 hivi litapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini ya satelaiti zetu za matangazo. Halitatugonga; vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hofu hiyo kwa miaka 100 ijayo. Litaonekana kwa macho matupu Ulaya, Afrika na magharibi mwa Asia. Jiwe kubwa kiasi hicho kupita karibu hivyo ni jambo la mara moja katika maelfu ya miaka, na mvuto wa Dunia unatarajiwa kubadilisha jinsi linavyojizungusha na pengine kuutikisa uso wake. Ni jaribio ambalo hakuna maabara inayoweza kulifanya, na linakuja lenyewe, bure.

ESA imeandaa chombo Ramses kiondoke 2028 na kulifikia miezi miwili kabla. Nawashukuru kwa dhati. NASA inayo OSIRIS-APEX, ambayo ni OSIRIS-REx ile ile iliyokwisha kurusha kapsuli yake nyumbani, chombo kizima kilichokwisha kulipiwa na kilichomo njiani. Hata hivyo mwaka 2025 bajeti iliyopendekezwa kwa NASA ilitaka kukifutia fedha. Mheshimiwa uliyeandika mstari ule wa bajeti, sijui jina lako na silitafuti. Ninakuomba tu ufikirie tena maana ya kuzima chombo kinachokwenda chenyewe kwenye jambo la maelfu ya miaka, ili kuokoa mishahara ya wanaokisikiliza.

Ramses ikichelewa kama Psyche ilivyochelewa, hakutakuwa na picha za karibu za Apophis kabla ya mpito, na bila picha za kabla, zile za baada, za OSIRIS-APEX, hazina cha kulinganishwa nacho. Wanasayansi wameshapendekeza kwamba pacha wa Janus watumike kwa Apophis. Kupita kando tu, kabla ya Aprili, kungetosha: umbo lake, mashimo yake, mawe yamekaa wapi. Hakuna tarehe ya uzinduzi inayoweza kusogezwa hapa. Jiwe haliombwi radhi.

Kwa hiyo naomba, mnapokaa kwenye meza zenu za bajeti, muweke kifungu cha nauli ndani ya kila mradi mdogo tangu siku ya kwanza, fedha za kuununulia nafasi kwenye roketi nyingine endapo ile ya kwanza itachelewa. Naomba mikataba ya lifti iseme wazi kitakachotokea mkubwa asipoondoka, na nani atawajibika. Naomba pacha, kwa sababu cha pili hugharimu kidogo kuliko cha kwanza na kimoja kikifa kingine kinajua kilichomuua mwenzake. Naomba mishahara ya waendeshaji isihesabiwe kuwa ziada. Na picha ghafi zifunguliwe kwa wote siku zinapofika, maana sisi wa darubini ndogo tuna miaka ya mistari ya mwanga inayongoja kulinganishwa nazo, na wengi wetu tuko tayari kuifanya kazi hiyo bila kudai chochote.

Sitarajii kila mmoja wenu anijibu. Swali moja tu naomba lijibiwe hadharani, na kila shirika kwa upande wake: ni vyombo vingapi vilivyokamilika vimekaa ghalani leo, na kila kimoja kinangoja nini?

Wenu katika kukesha,

Mpima mwanga wa asteroidi